Uwanja, Kiwanja na Nyanja: Maeneo ya Wazi ya Dar es Salaam katika Lugha na Historia



Mtu anayetaka kuandika historia ya maeneo ya wazi ya Dar es Salaam kwa kawaida huanzia kwenye ramani. Hufungua majalada ya mipango miji, akatazama mahali palipopakwa rangi ya kijani, kisha akaenda kutazama kilichopo leo. Ni njia nzuri, nami nitaipita. Lakini kwa kuwa mhadhara huu ni wa taaluma za Kiswahili, naomba nianzie kwenye lugha, kwa sababu naamini maneno tunayoyatumia kuutaja uwanja yamehifadhi mambo ambayo ramani haiyaonyeshi.

Neno uwanja ni la ngeli ya U-, na kwa kanuni wingi wake ni nyanja. Lakini nani leo husema “nyanja za Jangwani”? Wingi huo umehamia chuoni. Tunazo nyanja za elimu, nyanja za uchumi, nyanja za utafiti. Sisi wasomi tumezichukua zote. Huko mitaani, uwanja umelazimika kuazima wingi wa jirani yake, kiwanja: viwanja vya michezo, viwanja vya ndege, viwanja vya Mnazi Mmoja. Na hapo ndipo palipo na mkanganyiko, maana kiwanja kina kazi nyingine kubwa zaidi katika mji: ni kipande cha ardhi kilichopimwa, kikapewa namba, na kinachongoja nyumba. Mwaka 2002 Serikali ilipoanzisha Mradi wa Viwanja 20,000 pembezoni mwa Dar es Salaam, hakuna aliyedhani kwamba inajenga viwanja 20,000 vya mpira. Na mtu anayealikwa kwenye mkutano wa hadhara katika viwanja vya Jangwani hatarajii kugawiwa hati. Muktadha humwongoza msikilizaji. Hata hivyo, neno moja linataja mahali ambapo watu wote hukutana na pia mahali ambapo mtu mmoja atajenga.

Wazi nalo ni neno la kutazamwa. Lugha ya kiofisi husema “eneo la wazi”. Mlango ulio wazi ni mlango unaokaribisha. Lakini nafasi ya kazi iliyo wazi ni nafasi inayosubiri mtu wa kuijaza. Nimewahi kuwasikia watu wenye elimu yao wakisema kuhusu uwanja wa mtaa wao, “Pale bado pako wazi,” na katika lile “bado” hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Sidai kwamba lugha ndiyo iliyovila viwanja vyetu. Viwanja vimeliwa na watu. Ninachodai ni kwamba lugha imeturahisishia kutoshtuka.

Sasa tuje kwenye historia yenyewe. Miji ya Waswahili haikuwa na bustani za umma kwa maana tuliyoizoea leo. Ilikuwa na pwani ambako majahazi yalivutwa na samaki wakauzwa. Ilikuwa na nyua za misikiti, makaburi, baraza za nyumba, na kando ya mji palikuwa na mahali pa ngoma. Wala haikuhitaji zaidi, kwa sababu mashamba ya minazi yalianzia pale nyumba zilipokoma. Sultani Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, mji wake ulikuwa wa namna hiyohiyo. Majid alifariki mwaka 1870, ujenzi ukazorota, na minazi ikaendelea kuzaa.

Wajerumani, waliouhamishia mji huu makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, ndio walioleta bustani kama taasisi. Mwaka 1893 Profesa Stuhlmann, mkuu wa kwanza wa idara ya kilimo, alianzisha Bustani ya Mimea ambayo sehemu yake ingali hai karibu na Makumbusho ya Taifa. Tusikosee kuhusu makusudio yake. Hakuianzisha ili wenyeji wapunge upepo. Ilikuwa mahali pa kujaribia mimea ambayo koloni lingeweza kuifanyia biashara, na kivuli chake kiliangukia upande wa mji ambao wenyeji waliuita Uzunguni. Ni jambo la kejeli kidogo kwamba bustani iliyopandwa kwa ajili ya faida ya wakoloni ndiyo leo inayohesabiwa miongoni mwa vivuli vichache vya umma katikati ya jiji.

Asili ya uwanja wa Mnazi Mmoja inahuzunisha zaidi. Mipango ya Wajerumani ya kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, ambayo Waingereza waliiendeleza katika miaka ya 1920, iliugawa mji katika kanda tatu. Wenyeji walizipa majina mepesi kueleweka: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo, mtaa ambao jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, pakaachwa ukanda usiojengwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya. Kwa mujibu wa utabibu wa kikoloni wa wakati ule, miili ya wenyeji ilikuwa ghala la malaria, na nafasi tupu ingewazuia mbu na maradhi yasivuke. Kwa hiyo mojawapo ya maeneo ya wazi tunayoyaenzi zaidi liliwekwa ili watu wasikutane.

Unguja nako kuna Mnazi Mmoja, nako kumekaa kwenye mpaka: pale Mji Mkongwe unapokwisha na Ng’ambo inapoanzia, jirani na mahali palipokuwa na hori la bahari lililozigawa sehemu hizo mbili kabla halijafukiwa. Majina mawili yanayofanana, katika miji miwili, juu ya viwanja viwili vilivyotenganisha watu. Kwamba jina lenyewe linataja mti mmoja tu ni bahati ya lugha, na sitaki kulitia maana ambayo halikuwa nayo.

Wakazi wa Dar es Salaam walikifanyia nini kizuizi hicho? Walikitumia. Uwanja uliokusudiwa kuwa ukuta ukawa mlango. Mwaka 1954, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa katika jengo la chama cha TAA lililokuwa mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba, ng’ambo ya barabara tu kutoka Mnazi Mmoja. Katika miaka iliyofuata, mikutano ya chama ilifanyika hapo na Jangwani. Bibi Titi Mohamed na Julius Nyerere walisimama mbele ya umati ambao hakuna ukumbi wa Mwafrika uliokuwa na uwezo wa kuubeba. Ni sharti tuliweke wazi jambo hili, maana mara nyingi tunaisimulia historia ya uhuru kana kwamba ilifanyika katika hotuba pekee. Hotuba inahitaji mahali. Kiswahili cha siasa, pamoja na methali zake, mizaha yake na ile namna ya kuuliza swali ili umati ujibu kwa sauti moja, kilikomazwa juani, katika ardhi ambayo hakuna mtu aliyekuwa na hati yake. Mwanafunzi wa balagha ya Kiswahili anayeisoma hotuba bila kuutazama uwanja anasoma nusu ya matini.

Jangwani pia kuna somo la majina. Klabu ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina makao yake huko, na mashabiki wake hujiita Wanajangwani. Watani wao wa Simba, walioanza mwaka 1936, ni Wekundu wa Msimbazi. Kwa hiyo kila wiki ya ligi majina ya bonde moja na mto wake husikika nchi nzima, hata kwa watu ambao hawajawahi kuliona bonde hilo.

Baada ya uhuru mji ulikua kwa kasi ambayo mpango wowote ungeishindwa. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Mipango mikuu mitatu iliandaliwa, mwaka 1949, 1968 na 1979. Wa kwanza na kampuni ya Uingereza, miwili iliyofuata na kampuni za Kanada. Kilichoniudhi kila nilipoisoma si ubovu wake, maana kwa sehemu kubwa ilikuwa mipango ya busara. Bonde la Msimbazi, kwa mfano, lilitambuliwa kuwa ardhi ya hatari isiyofaa kujengwa. Kilichoniudhi ni kwamba yote iliandikwa kwa Kiingereza. Mkazi wa Magomeni au Ilala, ambaye ndiye angekuwa mlinzi wa kwanza wa uwanja wa mtaa wake, hakuwa na njia ya kujua kwamba karatasi fulani imeutaja kuwa wa umma. Alijua tu kwamba watoto huchezea pale. Na siku mzigo wa matofali ulipoteremshwa pale, hakuwa na neno la kisheria la kusema.

Tuongeze kwamba katika miaka ya 1970 mamlaka za miji zilifutwa chini ya sera ya madaraka mikoani, zikarudishwa mwaka 1978 zikiwa dhaifu. Mwaka 1992, mradi wa Dar es Salaam Endelevu ulipowakutanisha wadau kutaja matatizo makubwa ya jiji, usimamizi wa maeneo ya wazi ulikuwa mojawapo ya mambo tisa yaliyoorodheshwa, pamoja na taka, maji na usafiri. Tangu hapo tumepata Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, iliyoweka masharti juu ya mita 60 za kando ya bahari na mito, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Mvua ilitoa ushahidi wake kwa lugha nyingine. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wengi wa walionusurika mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Miaka michache baadaye karakana ya mabasi yaendayo haraka, ambayo huduma yake ilianza mwaka 2016, ilikuwa imejengwa papo hapo Jangwani, na maji yameizuru mara kwa mara. Hapo lawama haiwezi kutupiwa maskini wa mabondeni.

Hili linanirudisha kwenye maneno. Jirani zetu wa Nairobi wana neno kali kuliko letu. Mwaka 1989 ulipotangazwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969, Wangari Maathai alisimama kuupinga. Alitukanwa hadharani, lakini wafadhili walijitoa na jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alipigwa na kujeruhiwa akitetea msitu wa Karura. Wakenya huliita jambo lililokuwa likifanyika unyakuzi wa ardhi. Kunyakua ni kazi ya mwewe: huja kutoka juu, kwa haraka, na ana kucha. Sisi Tanzania tumezoea kusema uvamizi, na anayefanya hivyo ni mvamizi. Neno hili huja kwa miguu, kutoka chini, kwa wingi. Ndani yake mama lishe aliyesimamisha banda la mabati kando ya uwanja na mtu aliyepewa hati ya uwanja mzima huwekwa kapu moja. Na tingatinga linapofika, kwa kawaida huanza na yule wa mabati. Laiti tungeliazima neno la Wakenya, nadhani taarifa zetu zingelazimika kutaja watu tofauti.

Kuna dalili kwamba upande wa lugha mambo yanasogea. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kuzitafsiri sheria za ardhi na mipango miji inawahusu walio katika ukumbi huu zaidi ya wapima ardhi, na katika kazi hiyo itabidi tuamue: uwanja wa umma uitwe nini ili usichanganywe na kiwanja kinachouzwa? Mimi ningependelea “uwanja wa umma”, na wingi wake uwe “nyanja za umma”, tuirudishe nyanja kutoka chuoni ilikokimbilia. Najua wenzangu wa istilahi watanicheka, na pengine wana haki.

Lakini kabla ya istilahi kuna kazi ya mwanafunzi mwenye daftari. Wengi mmeona maandishi yaliyopakwa rangi kwenye kuta za nyumba za jiji hili: “Nyumba hii haiuzwi.” Mwenye nyumba huandika hivyo akijihadhari na matapeli. Uwanja hauna ukuta, na hakuna aliyetumwa kuuandikia. Ningewaomba wanafunzi wa isimu na historia waende Ilala, Magomeni, Temeke na Kinondoni, wawatafute wazee, wawaulize uwanja wa mtaa uliitwaje, nani alicheza pale, ngoma gani, timu gani, sikukuu zilifanyika vipi, na uliacha lini kuwa uwanja. Mpaka sasa majina hayo yamo vinywani mwa watu wenye umri wa miaka 70 na 80. Andikeni jina, mahali na mwaka, mlete nakala moja idarani. Rafu ya kuziweka ipo.