Mbuzi wa kafara si msingiziwa

Tarehe 8 Mei 2020, korona ikiwa imefunga viwanja vya ndege, shule na nyumba za ibada karibu dunia nzima, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitoa rai dhidi ya chuki iliyokuwa ikisambaa pamoja na ugonjwa. Alitaja njama walizokuwa wakizushiwa Wayahudi. Alitaja mashambulizi dhidi ya Waislamu. Akataja pia wahamiaji na wakimbizi, waliokuwa wakinyooshewa vidole kwamba ndio chimbuko la virusi. Kwa mtu wa Kibondo au Kasulu, habari ya wakimbizi haikuhitaji mkalimani: kambi ya Nduta ilikuwa Kibondo, ya Nyarugusu ilikuwa Kasulu, na ya Mtendeli, Kakonko, ilikuwa bado haijafungwa. Wayahudi ndio walioonekana wa mbali, watu wa kwenye Biblia. Lakini kinachowapata watu hawa wote kila dunia inapotikisika ni kitu kimoja, na vyombo vyetu vya habari vimekipa jina moja: kufanywa mbuzi wa kafara.

Istilahi hii imezoeleka mno hata hatuisikii tena. Naamini inatupotosha, na kwa huku nyanda za juu za Kigoma inapotosha zaidi kuliko kwingine.

Chanzo chake ni sura ya 16 ya kitabu cha Walawi. Siku ya Upatanisho, ambayo Wayahudi mpaka leo wanaiita Yom Kippur, kuhani aliletewa mbuzi wawili akawapigia kura. Wa kwanza alichinjwa, na damu yake ikaingizwa patakatifu. Huyo ndiye wa kafara, na hata maneno yenyewe ni ndugu, kwa kuwa kafara tumeipata kwa Waarabu na shina lake ndilo lile la Kippur ya Kiebrania. Wa pili hakuchinjwa pale. Haruni, ndiye kuhani mwenyewe, alimwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama juu yake maovu ya Waisraeli, kisha akakabidhiwa mtu wa kumpeleka nyikani kwa Azazeli, mahali pasipokaa watu. Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inaeleza hadi uzi mwekundu wa sufu aliofungwa kwenye pembe zake, na jinsi enzi za Hekalu alivyosukumwa kutoka juu ya jabali.

William Tyndale alipoitafsiri Torati kwa Kiingereza mwaka 1530, alilisoma jina la Azazeli kana kwamba ni maneno mawili, mbuzi na kwenda zake, na hapo likazaliwa neno scapegoat. Biblia yetu ya Muungano ya 1952 ilimwacha Azazeli kwa jina lake. Waandishi walipotafuta tafsiri ya lile neno la Kiingereza hawakwenda kwa Azazeli. Walimshika mbuzi wa kwanza, yule aliyechinjwa. Kwa hiyo tunapotaka kumtaja mbuzi aliyebebeshwa na kufukuzwa, tunamtaja mwenzake.

Lingekuwa kosa la wanafunzi wa Biblia peke yao, lisingestahili makala. Tatizo ni kwamba kafara kwetu ni neno lililo hai. Lamu kuna desturi ya kumzungusha ng'ombe mji mzima kwa dua kabla ya kumchinja, ili balaa liondoke. Huku bara neno hilo lina sura ya kutisha zaidi. Nenda Kabanga, nje kidogo ya mji wa Kasulu, kwenye shule na kituo walikohifadhiwa watoto wenye ualbino, baada ya mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi kuanzia miaka ya 2007 na 2008. Waliokuwa wakiwawinda watoto wale walikuwa na waganga wao, na waganga hao walikuwa na ahadi: kiungo cha mtu huleta mali. Mtoto aliyelelewa ndani ya ukuta ule anajua kafara ni nini kuliko mhariri yeyote wa Dar es Salaam.

Kafara, kwa sikio la Mswahili, ni kitu kinachofanya kazi. Kinatolewa ili kitu kipatikane au kizuiwe. Ukisema Wayahudi walifanywa mbuzi wa kafara wa tauni, umeacha mlango wazi kwa msikilizaji kudhani kwamba mateso yao yalikuwa na namna fulani ya tija, kwamba jamii ilitoa kitu ikapata kitu. Haikupata chochote. Tauni ilipoenea Ulaya mwaka 1348, ulizuka uvumi kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Watu waliteswa mpaka wakakiri kosa ambalo hawakulifanya. Tarehe 14 Februari 1349 mamia ya Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto, kabla tauni yenyewe haijafika mjini humo. Ikafika baadaye, ikaua kama ilivyoua kwingine. Papa Klementi wa Sita, akiwa Avignon, alikuwa ameshaandika mwaka uliotangulia kwamba shutuma ile haina mashiko: Wayahudi wenyewe wanakufa kwa tauni, na tauni imefika hata sehemu ambazo hakuna Myahudi. Hoja nyepesi, ya mtu yeyote mwenye macho, na haikusikilizwa.

Kuna upotoshaji mwingine, na huu ndio unaonigusa zaidi. Rudi kwa Haruni na mikono yake miwili. Anachofanya pale ni kuungama. Anasema mbele ya watu kwamba maovu haya ni yetu, tumeyatenda sisi. Mbuzi hashitakiwi. Hakuna aliyesimama kudai kwamba mbuzi ndiye aliyeiba, ndiye aliyezini, ndiye aliyeleta maradhi. Anabeba mzigo ambao wenyewe wameshaukiri kuwa ni wao. Kinachofanywa na kundi la watu wenye hasira ni kinyume kabisa cha ibada ile: hawakiri lolote, na mzigo wanaomtwika mtu wanadai ulikuwa wake tangu mwanzo. Kuiita hali hiyo kwa jina la ibada ya toba ni kuipa heshima isiyostahili, tena kwa kuazima ibada ya watu walewale walioumizwa na uzushi huo kwa karne nyingi.

Huku kwetu mzigo huo tunaujua kwa majina yake. Ni kuni. Ni mbuzi walioibwa usiku. Ni bunduki zilizovuka mpaka. Ni kipindupindu. Nimekaa kwenye mkutano wa kijiji Kibondo, mizizi ya mwembe ikiwa ndiyo viti vyetu, mwenyekiti akatangaza kwamba mbuzi wa jirani yetu wamechukuliwa na wakimbizi. Mzee mmoja akasimama kwa fimbo yake.

“Mwenyekiti, uliwaona?”

“Mzee wangu, nani mwingine?”

“Mimi sikuuliza nani mwingine. Nimeuliza kama uliwaona.”

Mkutano ulinyamaza, kisha ukaendelea na ajenda ya barabara. Mbuzi hawakupatikana, lakini siku ile hakuna aliyepigwa. Si kila siku huwa hivyo. Mwanamke anayetoka Nduta kwenda kutafuta kuni, mzigo wake umefungwa kwa kamba ya mgomba, anajua porini anaweza kukutana na panga. Ni kweli miti imekwisha pembeni mwa kambi, na wenyeji wana haki ya kulalamika. Ni kweli pia kwamba wakimbizi hawakuchagua kupikia kuni wala hawakuchagua kambi iwekwe pale.

Mwishoni mwa 1997 wanajeshi waliingia vijiji vya mkoa wa Kigoma wakawakusanya Warundi waliokuwa wakiishi nje ya kambi na kuwapeleka kambini kwa sababu za usalama. Miongoni mwao walikuwamo waliokuja tangu 1972, waliooa na kuolewa hapa, wenye mashamba na wajukuu. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, dhidi ya wahamiaji haramu na ujambazi, na maelfu wakaondoshwa. Kiha na Kirundi vinasikilizana, sura na majina vinafanana, kwa hiyo Muha naye huulizwa mara kwa mara kama kweli ni Mtanzania. Sisi tulioulizwa swali hilo kwenye kizuizi cha barabarani tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa linapoulizwa wengine.

Wayahudi wameishi na swali hilo muda mrefu, na kutokana nalo wamejenga taasisi. Mwaka 1881 Mfalme Aleksanda wa Pili wa Urusi aliuawa kwa bomu. Wayahudi wakaangushiwa lawama, nyumba zikavunjwa, watu wakakimbia. Shirika la HIAS linahesabu umri wake kuanzia mwaka huo, kwa kuwapokea New York Wayahudi waliokuwa wakikimbia. Leo wengi wa wanaohudumiwa nalo si Wayahudi, na lina ofisi Nairobi. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye silaha aliingia kwenye sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh akaua watu 11. Muda mfupi kabla alikuwa ameandika akililaani shirika la HIAS kwa kuleta wavamizi nchini mwake. Mwaka ule, taifa lililotoa wakimbizi wengi kuliko yote waliopokelewa Marekani lilikuwa Kongo, na Nyarugusu ni mojawapo ya kambi walikotoka. Watu wale wa Pittsburgh waliuawa kwa uzushi uliowaunganisha na watu waliokula mgao wa mahindi Kasulu.

Katika kazi ya utetezi, jumuiya za Kiyahudi zimeshika nidhamu moja ninayoiheshimu sana: kuandika. Uingereza, matukio ya chuki dhidi ya Wayahudi yamekuwa yakirekodiwa mwaka baada ya mwaka tangu 1984, kazi inayofanywa leo na shirika liitwalo Community Security Trust. Nani kasema, wapi, lini, kwa maneno gani. Korona ilipokuja na ibada kuhamia mtandaoni, na watukanaji wakavamia humo, nayo yaliandikwa. Si kilio cha jumla kwamba tunachukiwa. Ni daftari lenye tarehe.

Istilahi nayo ingefaa kubeba nidhamu hiyo, na hapa Kiswahili hakina upungufu. Kamusi zina bangusilo, mtu anayebebeshwa makosa ya wengine. Ni neno zuri, ila sijawahi kulisikia likitamkwa sokoni Kasulu. Mtaani tunasema kaangushiwa jumba bovu, na kila mtu anaona vumbi. Kwa ripoti, habari na mahakama mimi nachagua msingiziwa, na kitenzi chake, kusingizia. Neno hili linasema wazi kwamba palikuwa na uongo. Na likishatamkwa, sarufi yenyewe inadai jina: kasingiziwa na nani? Mbuzi wa kafara hana wa kumsingizia. Ametokea tu, kama mvua. Msingiziwa ana msingiziaji, na msingiziaji ana jina na tarehe.

Wapo watakaouliza kama kutetea Wayahudi dhidi ya uzushi ni kuiunga mkono serikali ya Israel katika kila ifanyalo. Sivyo. Serikali hukosolewa kwa matendo yake, na ukosoaji wenye ushahidi si usingiziaji. Usingiziaji ni kumkamata Myahudi wa Mbale kwa matendo ya serikali ambayo hakuichagua. Mbale wapo kweli: ni Abayudaya, wakulima wa Uganda waliofuata dini hiyo pamoja na kiongozi wao Semei Kakungulu tangu 1919, na ambao Idi Amin aliwapiga marufuku kuabudu. Kumpiga Mrundi wa Nduta kwa yaliyofanywa na viongozi aliowakimbia ni dhambi ileile.

Basi mhariri anayepokea taarifa kwamba wakimbizi wamekuwa mbuzi wa kafara wa wizi wa mifugo kijijini fulani, aiandike upya: wakimbizi wamesingiziwa wizi wa mifugo, na aliyewasingizia ni fulani, katika mkutano wa tarehe fulani. Kama hana jina wala tarehe, ampigie simu mwandishi wake wa Kibondo avitafute kabla habari haijasomwa.