MJUMBE, KABLA HUJAPIGA KURA YAKO: KISA CHA TABORA, 1958

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juzi baada ya darsa ya Maghrib kijana mmoja alinisubiri mlangoni. Ni mjumbe katika chama chake, na kura za maoni zimekaribia. Akaniambia: "Ustadhi, nina watu wawili mbele yangu. Mmoja tumekuwa naye tangu chama hakina hata kiti cha kukalia, anaamini tunachoamini, lakini mtaa mzima unasema hashindi. Wa pili kaja juzi tu, maneno yake yanageuka kila akibadilisha baraza, ila ana watu, na akisimama yeye kiti tunakichukua. Nimpe nani?"

Sikumjibu pale pale. Mimi ni imamu, na katika msikiti wetu hatutaji chama wala jina la mgombea. Nilimwambia nitaandika. Basi wewe kijana, na wewe mwingine unayesoma, uwe wa chama chochote, soma taratibu. Jina sitakupa. Nitakurudisha Tabora, Januari 1958, kwa sababu swali lako wazee wetu walikaa nalo siku kadhaa, wakagombana nalo, na jibu walilotoa lilikuwa na gharama ambayo hatuizungumzi sana.

TANU wakati ule ilikuwa haijatimiza hata miaka minne. Ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Gavana Twining alikuwa ameahidi uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa masharti yake. Kila jimbo lingekuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu, kimoja cha Muasia. Na kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Ukimchagua Mwafrika wako ukaacha nafasi nyingine wazi, kura yako imeharibika. Ndiyo maana watu waliuita uchaguzi wa kura tatu.

Hebu pima hesabu hiyo. Waafrika wa Tanganyika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu takriban 20,000, na viti vyao sawasawa! Tena si kila Mwafrika aliyepiga kura. Ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au uwe umesoma mpaka darasa la nane, au uwe na cheo kinachotambuliwa na serikali. Mkulima wa pamba, mchukuzi wa bandarini, mama muuza vitumbua aliyetoa senti zake kukijenga chama, wote hao nje. (Na mwaka huo huo Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika maandishi yake, akatozwa faini. Kiasi gani? Pauni 150. Kiwango kile kile cha kumruhusu mtu kupiga kura.)

Sasa jiweke katika nafasi ya mjumbe aliyepanda treni kwenda Tabora. Chama chako kinasema nchi hii haitagawanywa kwa rangi, na uchaguzi huu umejengwa juu ya rangi. Matawi ya chama chako kadhaa yamefungwa na serikali. Rais wa chama amewahi kuzuiwa kuhutubia hadhara. Mwezi mmoja tu nyuma, Desemba 1957, rais huyo huyo amejiuzulu kiti chake cha kuteuliwa katika Baraza la Gavana, akisema serikali haisogei. Wajumbe wengi walifika Tabora na neno moja: tususe. Wengine walikuwa tayari kwa mgomo wa nchi nzima.

Halafu anasimama Nyerere, yule yule aliyejiuzulu Desemba, anasema tuingie.

Hoja yake haikuwa kwamba kura tatu ni nzuri. Alikubali ni mbaya. Lakini tukisusa, viti havitabaki vitupu. Kilikuwepo chama cha UTP, kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana mwenyewe. UTP wangeingia Barazani bila upinzani, wangesimama mbele ya Uingereza na Umoja wa Mataifa waseme: sisi ndio sauti ya Tanganyika. Na mgomo ungempa Gavana kisingizio cha kukipiga chama marufuku kabisa.

Wengi wakakubali, baada ya mabishano makali. Historia ya TANU ikauita Uamuzi wa Busara.

Lakini angalia uamuzi ule ulimtaka mjumbe afanye nini. Ilibidi TANU itafute Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono, na wakati ule mtu asiye Mwafrika hakuruhusiwa hata kuwa mwanachama wa TANU! Mwana-TANU aliambiwa akampigie kura Derek Bryceson, akampigie Lady Chesham, akampigie Amir Jamal au Sophia Mustafa, watu ambao hawakuwa na kadi yake. Kijana wangu, wewe unalalamika mgombea wako kaja juzi. Wazee wako waliambiwa wawachague watu ambao hata mlango wa uanachama walikuwa hawajafunguliwa.

Wakafanya hivyo. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakazoa takribani viti vyote. UTP ikasambaratika. Gavana mpya, Turnbull, akabadili lugha ya serikali kabla hata awamu ya pili haijafika. Uchaguzi wa Agosti 1960 haukuwa tena na kura tatu, na TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ikashuka.

Ukisimama hapo, jibu ni rahisi: mpe anayeshinda, mambo mengine yatafuata. Na wengi wanaokisimulia kisa cha Tabora husimama hapo hapo. Mimi sisimami hapo.

Kila nikisoma habari ya Tabora nakumbuka Hudaybiya. Sikusudii kufananisha wahyi na siasa za watu, Allah atuepushe, lakini katika sira kuna mafunzo. Mwaka wa 6 Hijria, Mtume (s.a.w.) na Maswahaba kiasi cha 1,400 wamezuiwa kuingia Makka. Mkataba unaandikwa, Makuraishi wanakataa yasiandikwe maneno "Mtume wa Allah", na Mtume anaridhia yafutwe. Sayyidna Umar (r.a.) iliwaka roho yake, akauliza kwa nini tukubali unyonge ilhali sisi tuko kwenye haki. Miaka miwili baadaye Makka ikafunguliwa, na jeshi lilikuwa watu 10,000. Kilichofutwa ni maandishi ya karatasini. Utume wenyewe haukupunguka hata chembe.

Hiyo ndiyo sehemu tunayoipenda kuihadithia. Tunamsahau Abu Jandal. Mkataba ulisema Mwislamu akitoroka Makka bila idhini ya walii wake, arudishwe. Na kabla wino haujakauka akaja Abu Jandal, mtoto wa Suhayl yule yule aliyekuwa akiandikiana mkataba kwa niaba ya Makuraishi, anajikokota na minyororo miguuni, anawalilia Waislamu wamwokoe. Akarudishwa. Gharama ya mkataba ilikuwa na jina na uso. Na Mtume (s.a.w.) hakumpa mgongo. Alimtazama, akamwambia asubiri, Allah atamfanyia faraja yeye na wanyonge wenzake. Na faraja ilikuja.

Basi swali langu kuhusu Tabora ni hili: Abu Jandal wao alikuwa nani?

Rudi kwenye masharti. Wagombea wa TANU walitakiwa wawe watu wanaoweza kusimama katika Baraza linaloendeshwa kwa Kiingereza. Nani alikuwa na elimu hiyo? Kwa sehemu kubwa, waliopita shule za misheni. Watoto wa Kiislamu wengi walisomea chuoni kwa maalim, na shule za serikali zilikuwa chache. Kwa hiyo wazee wa Dar es Salaam waliokibeba chama mabegani tangu siku ya kwanza, waliokikusanyia fedha, waliokiombea dua, walijikuta hawana sifa ya kusimama katika uchaguzi walioupigania. Kigezo kilikuwa nani anaweza kushinda na kufanya kazi mle ndani. Uaminifu wao ulikuwa hauna safu kwenye fomu ile.

Aliyelisema hili wazi ni Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU. Aliuliza mbele ya watu: katika mpango huu, Waislamu tuko wapi? Jibu alilopata ni kufukuzwa chama, mwaka huo huo wa 1958. Aliambiwa anachanganya dini na siasa.

Nitasema ninavyoona, na wewe una haki ya kunipinga. Hofu ya viongozi naielewa. Chama kilikuwa katikati ya mapambano, na mkoloni alikuwa anatafuta ufa wa kutia kabari. Lakini swali la mzee lilikuwa swali la haki, na mtu aliyekupa miaka yake hajibiwi kwa kufungiwa mlango. Angeitwa, angekaliwa kitako, angeambiwa: mzee, tunajua nani analipa gharama hii, na mipango yetu ya kuirudisha ni hii na hii. Hilo ndilo lililokosekana. Mwaka 1959 ikaundwa AMNUT, akiwemo Mashado Plantan, mhariri wa gazeti la Zuhra, na wakafika mahali pa kuomba uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu. Hapo walikosea, na masheikh wengi waliokuwa TANU waliwapinga hadharani. Lakini kosa lao lilizaliwa na swali ambalo halikujibiwa.

Yuko na mwingine aliyeondoka kwa njia nyingine. Zuberi Mtemvu alikuwa miongoni mwa watendaji wa mwanzo wa TANU. Baada ya Tabora akasema chama kimeuza msingi wake, akaanzisha African National Congress: Afrika kwa Waafrika. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere akapata kura 21,276, mwenzake akapata zaidi ya milioni moja na laki moja. Simcheki. Alishika alichoamini. Lakini msingi alioushika ulikuwa nusu tu ya ule wa 1954. Alishika kwamba nchi ni ya Waafrika, akaachia kwamba binadamu wote ni sawa. Wakati mwingine anayejiita mwaminifu wa itikadi ameipunguza ili aweze kuibeba peke yake.

Kwa hiyo kijana, ukirudi kwa watu wako wawili, usiniulize tu nani anashinda. Huyo mgeni akishinda, anakwenda kufanya lile lile ulilolitaka kwa njia usiyoipenda, au anakwenda kufanya jambo lingine kabisa? Bryceson na Jamal hawakuwa na kadi, lakini waliingia Barazani kusema uhuru, sawasawa na walichotumwa. Kama mtu wako huyu hata hajakwambia anakwenda kusema nini, hapo huna Tabora, una biashara. Halafu muulize mgombea wako wa zamani kwa nini watu hawamtaki. Pengine watu wamedanganywa juu yake. Pengine pia miaka kumi amekuwa akizungumza na nyinyi tu humo ndani, na mtaani hajulikani kwa sababu hajawahi kukaa na mtaa. Uaminifu kwa chama ni jambo zuri, lakini haumtibu mgonjwa wala hauleti maji. Na ukishaamua kumwacha, nenda nyumbani kwake umwambie usoni mwake. Asisikie kwa watu.

Na wale wanaosema "viongozi wa juu wanajua zaidi nani anakubalika", nawaachia habari ya Mbulu. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, akasimama kama mgombea binafsi dhidi ya chaguo la chama chake. Watu wa Mbulu wakampa Sarwatt. Ndicho kile kiti kimoja kati ya 71 ambacho TANU haikukipata.

Kijana wangu, ukiwa umesoma mpaka hapa, njoo Ijumaa baada ya Swala. Nitakuwa barazani, njoo na hao majina yako mawili, tuzungumze.

Wabillahi tawfiq.