Vineno vya herufi tatu vilivyowatoa jasho wenye kamusi

Muulize Mwingereza neno gani ni gumu kuliko yote katika lugha yake, huenda akakutafutia jina refu la ugonjwa au la mmea. Watunga kamusi hawayaogopi majina hayo. Jina la ugonjwa lina maana moja: unaliandika, unafunga daftari, unaenda kunywa chai. Waliosumbua watu ni wadogo wawili, "set" na "run".

Habari yao inaanzia London mwaka 1857, wanachama wa Chama cha Filolojia walipoona kwamba kamusi zilizokuwapo hazitoshi. Walitaka kamusi itakayotoa historia ya kila neno: lilionekana lini kwa mara ya kwanza katika maandishi, lilikuwa na maana gani, na maana hiyo iligeukageuka vipi karne hadi karne. Mwaka 1879 mzigo ukamwangukia James Murray, mwalimu wa shule kutoka Uskoti. Akajenga banda la bati uani kwake, akalijaza vishubaka, kisha akatoa tangazo kwa umma. Someni vitabu, alisema. Ukikuta neno limetumika kwa namna inayostahili kuangaliwa, liandike kwenye kikaratasi pamoja na sentensi yake, jina la kitabu na mwaka.

Watu waliitika. Vikaratasi vilifika kwa mamilioni, na alipohamia Oxford posta iliweka sanduku la barua mbele ya nyumba yake. Watoto wake walivipanga kwa alfabeti wakapewa visenti vya matumizi. Mmoja wa waliotuma vingi zaidi alikuwa William Minor, daktari wa zamani wa jeshi la Marekani, aliyekuwa amefungiwa hospitali ya Broadmoor kwa sababu alimuua mtu akiwa hana akili timamu. Alikuwa na vitabu vyake, alikuwa na muda, na alikuwa na jicho kali.

Sasa fikiria vikaratasi vya "set" vimemwagwa mezani. Hiki kinasema jua limezama. Kile kinasema meza imeandaliwa, kingine mtego umetegwa, mfupa uliovunjika umeungwa, saruji imekaza, saa imerekebishwa, mwalimu ametunga mtihani, msafiri ameanza safari. Sisi hapa tuna kitenzi kwa kila tendo. Mwingereza anatumia kimoja, na mtunga kamusi lazima aamue: hii ni maana mpya, au ni ileile ya jana iliyobadilisha shati? Akishaamua, apange kila fungu kwa miaka. Kikifika kikaratasi kimoja cha zamani zaidi, mpango mzima unavurugika, anaanza upya.

Sehemu ya mwanzo ya herufi S, "set" ikiwamo, ilimwangukia Henry Bradley, ambaye kabla ya kuingia kwenye kamusi alikuwa karani wa kampuni ya visu mjini Sheffield. Murray mwenyewe alifariki mwaka 1915, kazi ikiwa bado. Ilikamilika 1928, na ndani yake hapakuwa na neno lililochukua nafasi kubwa kuliko "set". Toleo la pili la kamusi hiyo, yaani Kamusi ya Oxford, lilipotoka mwaka 1989, likiwa na majuzuu 20, kitenzi hicho kilikuwa na maana zipatazo 430 na maelezo ya maneno kama 60,000. Hicho ni kitabu kizima.

Kisha enzi ikaanguka. Toleo la tatu lilianza kutolewa kwenye intaneti mwaka 2000, na wahariri waliamua kuanzia herufi M. Ndiyo maana wa kwanza kumpita "set" alikuwa "make", akafuata "put". Mwaka 2011 ikafika zamu ya "run", aliyeshughulikiwa na mhariri Peter Gilliver kwa zaidi ya miezi 9. Alipomaliza, kitenzi hicho kilikuwa na maana 645.

Kukimbia kwa miguu ni moja tu kati ya hizo. Mto unatiririka, kamasi zinatoka, rangi ya kitambaa inachuja, basi linafanya safari zake, mashine inafanya kazi, mwenye duka analiendesha, mwanasiasa anagombea kiti, gazeti linachapisha habari, programu inaendeshwa kwenye kompyuta: kote huko Mwingereza anasema "run". Na ukiitazama orodha hiyo, nyingi ni za baada ya treni na kiwanda. Mashine zilipokuja zilihitaji kitenzi, na hicho ndicho kilichokuwa karibu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri ya ushindi wake. "Set" ni kitenzi cha kuweka kitu mahali pake kikatulia; karne mbili hizi hazikuwa za kutulia.

Nasi tunaye wa kwetu, "piga". Kupiga magoti na kupiga mbizi hakuhitaji mtambo wowote. Lakini ilipokuja pasi, ikapigwa. Ikaja chapa, picha, simu, eksirei, na juzi tu selfi. Zote zimepigwa, wala hakuna aliyeumia. Ni hadithi ileile ya "run": chombo kipya kinaingia mjini, kitenzi kikongwe kinakipokea.

Tofauti iko kwenye kumbukumbu. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka 1882, ya Johnson 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ikachapishwa 1981 na Oxford University Press, wachapishaji walewale wa Murray. Zote ni kazi kubwa. Hata hivyo, ukitaka kujua ni mwaka gani na katika maandishi gani mtu "alipiga simu" kwa mara ya kwanza, Kamusi Sanifu haikwambii. Inakupa maana bila tarehe.

Ushahidi haujapotea wote. Gazeti la Mambo Leo lilikuwa likitoka Tanganyika tangu 1923, na la Baraza nchini Kenya tangu 1939, na kabla ya hapo kuna tenzi, barua na hati za kesi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Murray hakuanza na fedha nyingi. Alianza na tangazo na wasomaji waliokuwa tayari kunakili sentensi moja moja. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) wanaweza kutoa tangazo kama hilo hata kesho, kwa simu zilizo mikononi mwetu. Na wewe mwenye sanduku la marehemu babu lenye magazeti na barua za zamani, tafadhali usilichome kabla hujampigia simu mtu wa makumbusho au wa chuo kikuu kilicho karibu nawe.