Sauti Isiyolipiwa Ushuru

Wengi wenu hutuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Sauti ni mzigo mkubwa. Kabla ya kusafiri hukunjwa, kama nguo sandukuni. Naye anayepokea lazima ajue namna ya kuikunjua, la sivyo hasikii kitu.

Zamani namna nyingi za kukunja sauti zilikuwa na wenyewe. Aliyetengeneza chombo cha MP3 alidaiwa ada. Basi shirika dogo, Xiph.Org, likaandika programu zake likazitoa bure, kila mtu asome jinsi zilivyoandikwa. Lakini kitu cha bure kisichokubaliwa na wengine kina faida gani?

Wakaipeleka kazi yao kwa mafundi wa IETF, wanaotunga kanuni za intaneti. Huko hapana kiingilio cha uanachama, wala hawapigi kura. Hujadiliana mpaka waelewane. Wengine walipinga, wakisema kazi hiyo ni ya mabaraza mengine. Xiph.Org walileta CELT, hodari kwa muziki. Skype wakaleta SILK, hodari kwa maneno. Badala ya kushindana, wakaziunga, ikazaliwa Opus. Wenye haki za uvumbuzi, nao ni Xiph.Org, Broadcom na Microsoft iliyoinunua Skype mwaka 2011, wakaruhusu itumiwe bila ada.

Kanuni ilitolewa Septemba 2012. Ndani yake, na hili lanipendeza sana, imeandikwa hivi: maelezo yakipingana na programu, ifuatwe programu.