Pamba ya Nandete: Ishara Zilizotangulia Vita vya Majimaji

Msafiri wa Lindi akifika Nyamwage, pale barabara ya Utete inapochepuka, amekwisha kuingia katika nchi iliyozungumza kwa ishara kabla ya kupigana. Upande wa bara iko Ngarambe, alikokuwa akiishi mganga Kinjikitile Ngwale. Upande wa pwani iko Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905.

Somo la ishara katika vyuo vya uandishi wa habari kwa kawaida huanzia kwa mwanaisimu Ferdinand de Saussure, aliyeshikilia kuwa ishara hupata maana kwa mapatano ya wanaoitumia. Saussure alianza mihadhara yake ya isimu ya jumla mjini Geneva mwaka 1907, wakati Umatumbi, kitovu cha Vita vya Majimaji, ulikuwa bado unazika watu wake.

Habari za Ngarambe zilipelekwa kwa njwiywila, mnong'ono wa siri uliopita mtu hadi mtu. Wazee waliohojiwa miaka ya 1960 na G.C.K. Gwassa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikumbuka kwamba msikilizaji alilipa pesa moja. Ada hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa sehemu ya ujumbe: jambo lililolipiwa halichukuliwi kuwa umbea.

Kisha watu wakamiminika Ngarambe kuchukua maji ya dawa ya Kinjikitile, yaliyoaminiwa kuwakinga na risasi. Aliyewatazama kwa jicho la boma la Wajerumani aliona wakulima wanaokwenda kwa mganga, na waganga walikuwapo siku zote. Wenyewe waliona kiapo. Mwaka 1973 Stuart Hall aliandika kwamba anayetunga ujumbe na anayeupokea wanaweza kutumia misimbo tofauti; mfano wake ulikuwa televisheni ya Uingereza, lakini Rufiji ilikuwa na mfano mkali zaidi. Hata mabua ya mtama ambayo wapiganaji walijifunga kichwani yalikuwa sare kwa anayejua, na kwa asiyejua ni mabua tu.

Ishara iliyo nzito kuliko zote ni ya Nandete, katika vilima vya Umatumbi, Julai 1905. Amri ya vita kutoka Ngarambe ilikuwa inachelewa, na watu walichoka kungoja. Wakaulizana: vita vitaanzaje? Wakang'oa miche ya pamba shambani. Hawakuchoma ghala wala kumuua mtu. Waling'oa miche tu. Lakini pamba ile ililimwa kwa viboko vya maakida wa serikali ya Kijerumani, kwa faida ya watu wengine, na kila aliyekuwapo alijua maana ya mche uliolala chini mizizi juu. Safari hii hata akida wa Kibata alielewa. Ndiyo ishara pekee ambayo pande zote mbili ziliisoma sawasawa, na siku chache baadaye Kibata ikashambuliwa.

Kitanzi cha Mohoro nacho kilikusudiwa kusema kwamba mambo yamekwisha. Hakikusomwa hivyo: mwezi huohuo Mahenge ilishambuliwa, na vita vikafika Ungoni.

Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, alimwonyesha mtu anayekataa kusema kuwa maji yalikuwa uongo, ingawa yeye mwenyewe ana mashaka nayo. Mwalimu wa somo la habari anayetafuta mfano wa kuanzia, aache kwanza mihadhara ya Geneva. Awapeleke wanafunzi wake Nandete.