KALAMU ISIYOCHOKA: KUMSWALIA MTUME KWA MKONO KATIKA HISTORIA YA UANDISHI WETU

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, Swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Kila mwenye kazi ya kalamu ana maneno ambayo mkono wake umeyazoea kuliko mengine. Kadhi ana maneno ya kufungia hukumu, na mwandishi wa barua ana salamu zake za mwanzo. Kwa wanazuoni wa Hadithi neno hilo lilikuwa moja, nalo ni kumswalia Mtume kila anapotajwa: Swalla Allahu alayhi wa sallam. Waliliandika asubuhi na jioni, safarini na misikitini. Hawakulihesabu kuwa mzigo. Walilihesabu kuwa ndiyo faida ya kazi yao. Leo neno hilo limefupishwa katika vitabu na magazeti yetu mpaka limebaki herufi tatu zenye nukta. Inafaa tuangalie wenzetu waliotutangulia walilichukuliaje, na wanazuoni walisema nini.

HERUFI KUMI NA TANO

Kwa Kiarabu, ibara hii huandikwa kwa maneno manne yenye herufi 15. Ni kidogo kwa anayeiandika mara moja. Sasa tumtazame mwenye kunakili Sahih al-Bukhari. Ibn al-Swalah alitaja kwamba Hadithi zilizomo humo, pamoja na zilizokaririwa, ni 7,275. Tukikadiria kwamba mnakili anamswalia Mtume mara moja tu katika kila Hadithi, na ukweli ni kwamba mara nyingi ni zaidi, atakuwa ameandika herufi 109,125 za swala na salamu peke yake. Ibn Kathir amenukuu katika tafsiri yake kutoka kwa Mujahid kwamba herufi za Qur'ani nzima ni 321,180. Basi mwenye kunakili kitabu hicho kimoja alikuwa akiandika, kwa kumswalia Mtume tu, zaidi kidogo ya thuluthi ya herufi za Msahafu.

Hesabu hii inatufahamisha mambo mawili. Kwanza, kishawishi cha kufupisha kilikuwepo tangu zamani. Wino ulitengenezwa kwa mkono, karatasi ilikuwa ghali, na usiku ulikuwa wa taa ya mafuta. Pili, wale waliokataa kufupisha walijua vizuri walichokuwa wakikitoa. Hawakuwa watu wenye nafasi nyingi kuliko sisi.

Imepokewa na at-Tirmidhi kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (radhi za Allah ziwe juu yake) Hadithi yenye maana kwamba watu watakaokuwa karibu zaidi na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) Siku ya Kiyama ni wale waliokithirisha kumswalia. Ibn Hibban (aliyefariki mwaka 354 Hijria) aliona humo dalili ya fadhila za watu wa Hadithi, kwa sababu hakuna kundi katika umma huu linalomswalia kuliko wao. Wao humswalia kwa ulimi wanaposoma na kwa mkono wanapoandika.

ADABU ZA KALAMU KATIKA DARUL-HADITH

Mwaka 630 Hijria (1233) ilifunguliwa Damascus madrasa ya Darul-Hadith al-Ashrafiyya, na Sheikh wake wa kwanza alikuwa Abu Amr Ibn al-Swalah (aliyefariki 643 Hijria, 1245). Humo ndimo aliposomesha kitabu chake mashuhuri cha elimu ya Hadithi, Muqaddima. Katika mlango wa kuandika Hadithi alieleza mambo ambayo mtu wa leo angeyaona madogo. Alieleza duara ndogo inayotenganisha Hadithi na Hadithi, na namna al-Khatib al-Baghdadi alivyopendekeza duara hizo ziachwe tupu mpaka nakala ilinganishwe na asili yake, ndipo kila Hadithi iliyokwisha kulinganishwa itiwe nukta ndani ya duara. Aliona ni karaha mtu kuandika jina kama Abdullah kwa kuacha "Abd" mwisho wa mstari na kulianza jina la Allah katika mstari wa chini.

Kisha akaja kwenye swala na salamu. Alimtaka mwanafunzi adumu kuziandika kila Mtume anapotajwa, asichoshwe na kule kukariri, kwani hiyo ni katika faida kubwa wanazozipata haraka wanafunzi wa Hadithi, na mwenye kughafilika nayo amejinyima fungu kubwa. Akaongeza jambo la kifiqhi lenye uzito: swala ni dua anayoiandika mnakili mwenyewe, si maneno anayoyapokea kutoka kwa mtu mwingine. Kwa hiyo hata kama asili anayoinakili haina swala, yeye asijifunge na asili hiyo. Na akatahadharisha upungufu wa aina mbili. Wa kwanza ni upungufu wa sura, nao ni kuashiria kwa herufi mbili au mfano wake. Wa pili ni upungufu wa maana, nao ni kuandika swala na kuacha salamu.

Katika upungufu huu wa pili alimnukuu Hamza al-Kinani (aliyefariki 357 Hijria), mwanazuoni wa Misri, aliyekuwa akiandika swala bila ya kuongeza "wa sallam". Alimuona Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) usingizini akimuuliza kwa nini haikamilishi swala yake. Tangu siku hiyo hakuiacha salamu tena. Ndoto haithibitishi hukumu ya sheria, na wanazuoni hawakuitaja kwa ajili hiyo. Waliitaja ili tujue jambo hili lilikaa wapi katika nyoyo zao, hata likawafuata usingizini.

MAPENGO YALIYOACHWA KATIKA VITABU

Mwadilifu hufuatilia pia mapokezi yanayoonekana kwenda kinyume. Al-Khatib al-Baghdadi (aliyefariki 463 Hijria, 1071) alisema kwamba aliona katika hati ya Imam Ahmad bin Hanbal (aliyefariki 241 Hijria, 855) jina la Mtume likiwa mara nyingine halina swala, na kwamba ilimfikia habari kuwa Imam alikuwa akimswalia kwa ulimi bila ya kuandika. Ibn al-Swalah alimtafutia udhuru kwamba huenda Imam Ahmad alishikamana mno na yale aliyoyapokea, asitake kuongeza katika riwaya neno ambalo hakulisikia kwa wapokezi wote. Huu ndio uaminifu wa Imam Ahmad. Kalamu yake ilisimama, lakini ulimi wake haukunyamaza.

Upande wa pili yamepokewa maneno ya Ali bin al-Madini na Abbas al-Anbari, wote wawili wa zama za Imam Ahmad. Walisema kwamba hawakuacha kumswalia Mtume katika kila Hadithi waliyoisikia. Pengine waliharakishwa na msomaji, wakaacha pengo tupu katika kitabu mpaka waweze kulirudia na kuliandika. Msomaji na atafakari jambo hili. Sheikh anasoma kwa kasi, wanafunzi wanakimbizana naye, na mmoja wao hakubali kuweka herufi moja ya kumkumbusha. Anaacha nafasi inayotosha maneno yote manne, kisha anarudi nyumbani kuijaza. Huyo hakuwa anatimiza wajibu tu. Alikuwa anajiwekea akiba ya jambo analolipenda.

MKONO ULIOKATWA

Wahadhiri wengi hupenda kusimulia kwamba mtu wa kwanza kuifupisha swala kwa herufi alikatwa mkono. Habari hii imo katika Tadrib ar-Rawi ya Imam as-Suyuti (aliyefariki 911 Hijria, 1505), lakini yeye mwenyewe ameitaja kwa lafdhi ya "inasemwa", bila ya jina la mtu, wala mji, wala isnadi. Haifai kuijengea hukumu, wala kuwatishia watu mimbarini. Hali ni hiyo hiyo kwa Hadithi isemayo kwamba mwenye kuandika swala kitabuni, Malaika hawaachi kumuombea msamaha maadamu jina limo katika kitabu hicho. Wanazuoni wameidhoofisha, na wengine wakaihesabu kuwa ni ya kuzuliwa. Jambo hili lina dalili zake zilizo sahihi na halihitaji kubebwa na mapokezi dhaifu.

Ukitaka mkono uliokatwa kweli, historia inao. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad ambaye jina lake limefungamana na kanuni za vipimo vya herufi, alikatwa mkono wa kulia katika fitina za kisiasa za zama za Khalifa ar-Radhi, akafia gerezani mwaka 328 Hijria (940). Imesimuliwa kwamba baada ya kukatwa alikuwa akiifunga kalamu kwenye kigutu chake na kuendelea kuandika. Yeye aliondolewa mkono, asiiache kalamu. Sisi tuna mikono miwili, na tunaona herufi kumi na tano ni nyingi.

KALAMU YA PWANI YETU

Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, na muswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ulioandikwa Pate. Siyu, katika kisiwa hicho hicho cha Pate, palisifika kwa wanakili wa Misahafu iliyopambwa kwa rangi. Mombasa alikuwepo Mwalimu Sikujua bin Abdallah (aliyefariki 1890), aliyeshughulika na kuzitengenezea alama sauti za Kiswahili zisizokuwemo katika Kiarabu. Lamu alikuwepo Muhammad Kijuma (aliyefariki 1945), mshairi, mchonga milango na mnakili, ambaye nakala za mkono wake zimo mpaka leo katika maktaba za Ulaya.

Kwa waandishi hawa, kumtaja Mtume katikati ya maneno ya Kiswahili hakukuwa na taabu. Kalamu ilitoka katika Kiswahili ikaingia katika swala na salamu kwa hati ile ile, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha ikarudi kwenye Kiswahili. Mtoto aliyeanza kwa ubao chuoni alikuwa amekwisha kulijua umbo la maneno yale kabla hajajua kuandika barua.

Kisha zikaja herufi za Kilatini, kwanza kwa wamishionari wa karne ya 19, halafu kwa shule na ofisi za serikali za kikoloni. Hata hivyo, mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (aliyefariki 1947) alipoanza kutoa Sahifa yake Mombasa, karatasi zile za nasaha ziliandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Baadaye hata wanazuoni wetu walihamia Kilatini, na kheri ilipatikana humo. Tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy iliyotoka kamili mwaka 1969 iliwafikia maelfu ya watu kwa herufi hizo. Lakini swala na salamu iliingia katika mavazi yasiyokuwa yake. Herufi 15 zikawa 26, mpangaji wa herufi akaona nafasi inakwisha, na ikazaliwa "S.A.W.". Watoto wetu leo huisoma kama walivyoiona: "Mtume saw". Hapo ndipo penye hasara. Ufupisho uliokusudiwa kuwa ukumbusho wa dua umekuwa badala ya dua.

HUKUMU NA NASAHA

Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, 1277) ameeleza katika Taqrib kwamba ni karaha kuishia kwenye swala peke yake au salamu peke yake, na ni karaha kuziashiria kwa herufi. Ziandikwe zote mbili kwa ukamilifu. As-Sakhawi (aliyefariki 902 Hijria, 1497) naye aliukemea ufupisho huu, na katika zama zetu Sheikh Abdul-Aziz bin Baz (aliyefariki 1999) aliandika kuukataza. Neno lililotumika kwa an-Nawawi ni karaha. Basi asitokee mtu akawahukumu kwa dhambi wachapishaji waliofupisha, kwani wamo waliofupisha kwa mkono huku ulimi ukiswali, na tumeona udhuru wa Imam Ahmad. Ama alama ya kompyuta inayotoa ibara yote kwa Kiarabu katika umbo moja, hiyo haimo katika ufupisho uliokemewa, kwa sababu maneno yote manne yamo ndani yake. Kinachobaki ni kwamba mwenye kuibonyeza asiunyamazishe ulimi wake.

Enyi maimamu na walimu wa madrasa, jambo hili liko mikononi mwenu. Wapeni wanafunzi karatasi na kalamu, waandike maneno haya manne kwa Kiarabu na kwa mkono, polepole, mpaka yawe mepesi kwao. Aandikaye khutba yake kwa Kilatini aiandike ibara yote, ili akiwa juu ya mimbari jicho lake lisimkwamishe ulimi. Na mwenye kuharakishwa afanye kama Ali bin al-Madini: aache pengo, kisha arudi alijaze.

Wakati unaotumika kuandika ibara hii ni wakati wa dua. Anayeyafupisha maneno amejiokolea muda mdogo, na muda wenyewe ulikuwa wa kumswalia Mtume. Waliotutangulia walizipata nyakati hizo kwa maelfu, moja moja, kwenye ncha ya kalamu.

Tunamuomba Allah azijaalie kalamu zetu ziwe hoja yetu wala zisiwe hoja dhidi yetu, na amswalie na kumsalimia Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake wote. Wallahu a'lam.