Pombe ndani ya kifurushi cha chakula: mambo ya kujua kabla ya kulipa

Msomaji wa Pwani akisikia Kaloleni huwaza Kaloleni ya Kilifi, minazi na wagema. Makala haya yanaanzia Kaloleni nyingine, ya Kisumu, katika wadi ya Shaurimoyo Kaloleni, eneo bunge la Kisumu ya Kati. Ni mtaa wa watu mchanganyiko: Waislamu, Wasabato, Wakatoliki na wengineo wanaishi ukuta kwa ukuta. Wengi wana jamaa Mombasa, na likizo ya Desemba ikifika safari huandaliwa kutoka ziwani kuja baharini, au kutoka baharini kwenda ziwani.

Siku hizi safari hizo hulipiwa mapema. Familia, chama cha kina mama au walimu wa madrasa huchanga, hutuma pesa kwa simu, kisha hupewa tikiti au bangili ya mkononi inayojumlisha kiingilio, michezo, chakula na vinywaji. Swali linalorudi kila mara ni hili: ikiwa neno “vinywaji” limebeba bia na mvinyo, asiyekunywa amelipia nini? Hapa tunaeleza mpango huo ulivyo, ulikotoka, sheria ya Kenya inasemaje, na nini cha kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi.

Kifurushi ni nini

Hoteli na mabustani ya burudani huuza chakula kwa njia kuu nne. Ya kwanza ni chumba na kifungua kinywa tu. Ya pili huongeza mlo mmoja, aghalabu chakula cha jioni. Ya tatu ni milo yote mitatu, lakini vinywaji unalipia mwenyewe. Ya nne ni ya kulipia kila kitu pamoja, na humu ndimo pombe huingia.

Katika hoteli za Diani, Watamu na Unguja, mpango huu wa nne umezoeleka kwa muda mrefu, hasa kwa watalii wanaonunua safari yao nzima huko kwao Ulaya. Mara nyingi pombe iliyomo ni ile ya nchini: bia za hapa, mvinyo wa kawaida wa hoteli na vileo vikali vya bei nafuu. Ya kutoka nje hulipiwa kando. Mgeni huvaa bangili, na mhudumu akiiona humimina bila kuandika bili.

Upande wa mabustani ya michezo, mahali pa familia na watoto, jambo hili lilichelewa. Kisa kinachojulikana zaidi duniani ni cha Disney.

Kisa cha Disney

Disneyland ya California ilipofunguliwa mwaka 1955, pombe haikuuzwa kwa umma ndani ya bustani. Magic Kingdom ya Florida ilifunguliwa mwaka 1971 kwa msimamo huohuo, na ilikaa hivyo kwa miaka 41, hadi mwaka 2012 mkahawa mmoja ndani yake ulipoanza kuuza bia na mvinyo wakati wa chakula cha jioni. Bustani ya Paris ilifunguliwa Aprili 1992 bila pombe. Wafaransa, ambao mvinyo kwao ni sehemu ya sahani, walilalamika, na mwaka uliofuata marufuku yakaondolewa. California ilingoja hadi 2019 ndipo kinywaji chenye kileo kikauzwa kwa mgeni yeyote mzima ndani ya bustani.

Mpango wa kulipia chakula mapema kule Florida ulianza mwaka 2005. Kwa miaka kadhaa kila mlo ulikuja na kinywaji kisicho na kileo. Anayetaka bia alitoa pesa zake. Kuanzia Januari 2018 mambo yakabadilika: mgeni mwenye umri wa miaka 21 na zaidi aliruhusiwa kuchagua bia, glasi ya mvinyo au kinywaji cha kuchanganywa badala ya soda, ndani ya bei ya kifurushi. Wasiokunywa nao waliongezewa uchaguzi wa vinywaji vizito vya maziwa na matunda. Mpango ulisimamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, ukarejea Januari 9, 2024 ukiwa bado na pombe ndani yake. Bei ya mtu mzima mwaka huo ilikuwa dola 57.01 kwa usiku kwa mpango mdogo na dola 94.28 kwa ule mkubwa.

Sasa tazama umri. Katika mpango huo mtoto ni wa miaka 3 hadi 9. Kuanzia miaka 10, analipiwa bei ya mtu mzima. Lakini pombe haruhusiwi hadi afike 21. Kwa hiyo kijana wa miaka 12 hulipiwa bei sawa na baba mwenye glasi ya bia mkononi, na kwa miaka 11 ya maisha yake atalipiwa hivyo bila kuwa na haki ya kukigusa kinywaji hicho. Isitoshe, wote walio katika chumba kimoja wenye miaka 3 na zaidi lazima wachukue mpango uleule. Familia haiwezi kusema: mjomba anywe, sisi tutoe.

Nani hulipa

Watu husema pombe ya kifurushi ni ya bure. Hesabu ndogo inaonyesha sivyo. Hii ni ya mfano tu. Bustani imeuza tikiti 100 za kula na kunywa. Wageni 40 wanakunywa bia tatu kila mmoja, na kila bia inamgharimu mwenye bustani shilingi 200. Jumla ni shilingi 24,000. Mwenye bustani hatoi mfukoni mwake. Anaigawanya kwa tikiti zote 100, na kila tikiti inabeba shilingi 240. Familia ya watu watano wasiokunywa kabisa imelipa shilingi 1,200 za bia ambayo haikuiona. Kwa nyumba nyingi za Kaloleni, hiyo ni pesa ya samaki na unga wa siku kadhaa.

Kuna tofauti kati ya mpango wa glasi moja kwa kila mlo na ule wa kunywa bila kikomo. Wa kwanza una mpaka, na hesabu yake inajulikana. Wa pili humfanya mtu anywe ili arudishe pesa yake, maana ameshalipa. Palipo na maji hilo ni hatari. Shirika la Afya Duniani linaitaja pombe miongoni mwa mambo yanayochangia watu kuzama. Mwenye bwawa la kuogelea, mwenye mashua pale Dunga na mwenye kuteleza kwenye mabomba ya maji kule Nyali, wote wanajua kwamba mlevi na maji hawapatani.

Sheria ya Kenya

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi huiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyeipeleka bungeni, John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha, inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa baa za kawaida iliweka saa: Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, na wikendi na sikukuu za kitaifa kuanzia saa 8 mchana. Hoteli zina leseni za aina yake, kwa hiyo si ajabu kuona bia mezani mchana hotelini na baa ya jirani imefungwa.

Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo ni kazi ya kaunti. Bustani iliyoko Kisumu hupata leseni kutoka kaunti ya Kisumu, na ya Mombasa kutoka kaunti ya Mombasa. Ikiwa mahali pa michezo ya watoto panamimina pombe, swali la kwanza ni la leseni: ni ya aina gani, na inaruhusu eneo lipi.

Julai 2025 serikali ya kitaifa ilizindua sera mpya ya kupambana na vileo na dawa za kulevya. Ilipendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21, na uuzaji ubanwe katika maduka makubwa, mikahawa, fukwe za umma na sehemu za burudani za familia. Wenye hoteli na mabaa walipiga kelele, na NACADA ikafafanua kwamba sera ni mwongozo. Haiwi sheria mpaka ipitishwe kama sheria. Lakini anayeuza vifurushi vya mwaka mzima anafaa kujua upepo unavuma wapi.

Kwa upande wa mnunuzi, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa au huduma aliyoilipia. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Kwa lugha ya kawaida: una haki ya kuambiwa kifurushi kimebeba nini kabla hujalipa. Kuuliza si kumvunjia mtu heshima.

Funzo la Unguja

Aliyelipia pombe mapema naye ana hatari yake. Januari 2024 Zanzibar ilipata upungufu mkubwa wa pombe baada ya waagizaji wakuu kutopewa vibali upya na wapya kuteuliwa. Bei ya bia ilikaribia kuwa maradufu. Mwezi huohuo Waziri wa Utalii, Simai Mohammed Said, alijiuzulu akitaja mazingira yasiyo rafiki ya kazi. Fikiria hoteli iliyokwisha kuuza vifurushi miezi sita kabla, kwa bei ya zamani, kwa ahadi ya kinywaji bila kikomo. Haiwezi kumrudia mgeni na kumwambia aongeze, wala haina cha kumimina. Hasara hiyo hutafutiwa pa kuziba, na mara nyingi pa kuziba ni sahani ya chakula, ambayo wote wanaila, wanywaji na wasiokunywa.

Suala la dini na mila

Kwa Mwislamu, kunywa hakuna mjadala. Aya ya 90 ya Surat al-Maida inajulikana. Lakini hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah haikuishia kwa mnywaji. Inawataja kumi katika mambo ya pombe, akiwemo mwenye kuibeba, mwenye kuiuza na mwenye kuinunua. Ndiyo maana mzazi wa madrasa anapouliza kama amenunua pombe kwa kununua tikiti, hatafuti visingizio. Swali lake ni la kweli. Fatwa si kazi ya ukurasa huu. Apelekewe shekhe, lakini apelekewe na karatasi ya kifurushi mkononi, maana jibu hutegemea kilichoandikwa: je, pombe imetajwa na kutozwa ndani ya bei, au ni hiari ya anayeongeza pesa?

Wala si Waislamu peke yao. Wasabato, ambao ni wengi Nyanza, hawanywi. Wapo wajawazito, wenye sukari, wanaotumia dawa, madereva, na waliokwisha kuacha pombe baada ya kuumizwa nayo. Kwa huyu wa mwisho, bangili inayomwita kwenye kaunta mara kumi kwa siku ni mtihani aliolipia mwenyewe. Na wapo vijana wetu wahudumu, wanaoachiwa kazi ya kukadiria umri wa mteja na kumkatalia mlevi anayedai haki yake kwa kuonyesha mkono.

Mambo saba ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Neno “vinywaji” linajumlisha nini? Omba orodha kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

2. Je, upo mpango usio na pombe, na bei yake imepungua kwa kiasi gani? Bei ikiwa ileile, bado unalipia bia.

3. Asiyekunywa hupewa nini badala yake: maji ya chupa, soda, maji ya matunda, au hapewi kitu?

4. Bei ya mtu mzima inaanza umri gani? Ikianza miaka 10 au 12, omba vijana walio chini ya 18 watozwe bila kinywaji cha kileo.

5. Je, kila mtu katika kundi lazima achukue mpango mmoja?

6. Pombe hunyweshwa wapi? Ulizia eneo la familia lililo mbali na kaunta na mbali na maji.

7. Mpango ukibadilika au kitu kikikosekana, pesa hurudi vipi na kwa muda gani?

Anayechangisha kwa niaba ya kundi ayaweke majibu pamoja na risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pesa ya mchango ikipotea hupotea pamoja na jina la aliyekusanya.

Kwa wenye biashara

Kutenganisha si kazi kubwa. Bei ya msingi iwe ya chakula, maji na soda; anayetaka kileo aongeze juu yake na avae bangili ya rangi nyingine. Mnywaji atalipia anachokunywa, mhudumu atajua wa kumimina, na familia zinazokaa nyumbani kwa kuona haya kuuliza zitakuja. Katika mwambao huu, na kule ziwani, familia hizo si chache. Mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mgeni naye arudi kwake akijua alichokilipia.